Je, Tunayo Sababu ya Kuamini Tunavyoamini?

Kuna swali moja ambalo wazazi wengi hulikwepa, nao watoto hawaachi kuliuliza. Nalo ni hili: "Mimi ni Mkatoliki kwa sababu baba na mama ni Wakatoliki. Kama ningalizaliwa nyumba ya pili, ningalikuwa Mwislamu. Kama ningalizaliwa ng'ambo ya mto, pengine ningalikuwa Mwanglikana, au ningalitambika kwa mizimu ya wazee. Basi, nitajuaje kwamba dini yangu ndiyo ya kweli?" Mzazi akiulizwa hivyo, mara nyingi hukasirika, au hujibu, "Wewe amini tu, usiulize sana." Majibu hayo yote mawili hayafai. La kwanza lamfundisha mtoto kwamba imani ni woga. La pili lamfundisha kwamba imani haina sababu. Leo twapenda kulitazama swali hilo polepole pamoja nanyi, wasomaji wetu, maana kijana asiyejibiwa nyumbani hujibiwa njiani.

Nchi ya majirani wengi

Tuchukue mfano wa Tindiga. Ni kata ya Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, nchi ya mpunga na mahindi, ambako wakulima na wafugaji hukaa jirani, mara kwa amani na mara kwa ugomvi. Nchi hiyo ya Wasagara na jirani zao imezoea wageni tangu zamani. Misafara ya biashara kati ya Bagamoyo na Tabora ilipita Usagara, na Uislamu ulifuata njia hiyo. Wamisionari wa Kianglikana wa CMS walifika Mpwapwa mwaka 1876, wakafungua kazi na Mamboya pia. Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliotua Bagamoyo mwaka 1868, nao walipanda kuja bara, wakajenga misioni ya Mhonda mwaka 1877. Na kabla ya hao wote walikuwako wazee waliomwomba Mungu kwa desturi za jadi.

Matokeo yake ni kwamba katika pande hizo, kama katika sehemu nyingi za Tanzania, ukoo mmoja waweza kuwa na Yusufu anayekwenda Misa na Yusufu anayekwenda msikitini. Msiba ukiingia, wote wawili hushika jembe na kuchimba kaburi moja. Kwa hiyo swali la kijana wetu si swali la vitabu vya chuoni tu. Limekaa mkekani pamoja na jamaa zake, nalo lina uzito: akijibiwa vibaya, aweza kumdharau mjomba wake, au kuiacha Sala asifuate dini yo yote.

Hoja ya kuzaliwa

Kwanza tuitazame hoja yenyewe. Si hoja mpya, wala si ya makafiri peke yao. Mwanachuoni mkubwa wa Kiislamu, al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika jinsi alivyoona tangu ujana wake kwamba watoto wa Wakristu hukua katika Ukristu, wa Wayahudi katika Uyahudi, na wa Waislamu katika Uislamu. Jambo hilo lilimsumbua sana. Lakini halikumfanya aseme kwamba hakuna ukweli, lilimfanya autafute. Huo ni mwenendo wa mtu mwenye akili, nasi twaweza kujifunza kwake.

Maana, njia ambayo wazo limemfikia mtu ni jambo moja, na ukweli wa wazo hilo ni jambo jingine. Mtoto wa shule ya Kilosa hujua leo kwamba malaria huletwa na mbu. Amejuaje? Ameambiwa na mwalimu. Kama angalizaliwa miaka 200 iliyopita, asingaliambiwa hivyo, kwa kuwa ni mwaka 1897 tu ambapo daktari Ronald Ross aliona vijidudu vya malaria ndani ya mwili wa mbu. Basi, mtoto huyu ameipata elimu yake kwa bahati ya kuzaliwa, hata hivyo aliyoambiwa ni kweli. Hali kadhalika, mtu aweza kuipokea dini kwa wazazi wake nayo ikawa ya kweli, au ikawa na makosa. Kuzaliwa hakuthibitishi, wala hakukanushi.

Tena hoja hiyo humrudia mwenye kuitoa. Yule asemaye, "Dini zote ni hadithi za utotoni," naye amezaliwa katika wakati fulani na kusoma vitabu fulani. Kama angalizaliwa Usagara mwaka 1850, asingalisema hivyo. Ikiwa bahati ya kuzaliwa yaondoa ukweli wa imani yetu, basi yauondoa na ukweli wa kukana kwake. Lakini tusijisifu upesi. Hoja hiyo imetuachia deni: mtu aliyekua kiumri hawezi kutosheka kwa kusema, "Nimeyakuta." Yampasa ayapime aliyoyakuta.

Barazani kwa Mutesa

Katika Afrika ya Mashariki swali hili liliwahi kuletwa mbele ya mfalme. Kabaka Mutesa wa Buganda alikuwa amejifunza mambo ya Uislamu kwa wafanyabiashara waliotoka pwani. Mwaka 1878 akafika Alexander Mackay wa CMS, na mwaka 1879 akafika Padre Simeon Lourdel wa Wamisionari wa Afrika, ambaye Waganda walimwita Mapera. Mfalme akawasikiliza, nao wakabishana mbele yake. Kila upande ulikuwa na kitabu, kila upande ulikuwa na sala, kila upande ulisema umetumwa na Mungu. Mutesa alifariki mwaka 1884 bila kubatizwa.

Watu hupenda kumlaumu kwa kusitasita. Sisi twaona heri tumfikirie kwa haki. Alikuwa na hila zake za kifalme, lakini pia aliona jambo la kweli: kwamba wajumbe hawa hawawezi wote kuwa sahihi katika yote wanayosema, na kwamba sauti kubwa si ushahidi.

Kisha yakafuata makubwa zaidi. Tayari mwaka 1876 Mutesa mwenyewe alikuwa amewaua Waislamu waliokataa kula nyama waliyoiona kuwa haramu na waliopinga uongozi wake katika sala. Namugongo hutajwa kuwa mahali pao. Miaka kumi baadaye, tarehe 3 Juni 1886, kwa amri ya mwanawe Mwanga, vijana Wakatoliki na Waanglikana wakachomwa moto hapo hapo Namugongo. Wakristu waliouawa katika miaka 1885 hadi 1887 na ambao majina yao hukumbukwa ni Wakatoliki 22 na Waanglikana 23. Baba Mtakatifu Paulo wa Sita aliwatangaza wale 22 kuwa Watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, wala hakusahau kuwataja Waanglikana waliokufa kwa jina la Kristu.

Hapa msomaji atazame vema. Twazoea kusema, "Dini yetu ni ya kweli, kwa maana mashahidi wetu walikubali kuifia." Lakini Namugongo yatuonyesha Waislamu, Waanglikana na Wakatoliki, wote wakiifia imani yao. Kama kifo chathibitisha mafundisho, basi kimethibitisha mafundisho yanayopingana, jambo lisilowezekana. Kifo cha shahidi kinathibitisha kitu kingine, kilicho kitukufu sana: kwamba yule mtu hakuwa mnafiki. Unyofu wa mtu na ukweli wa jambo ni vitu viwili. Asiyevitenga atakwama katika swali hili, ama atawaita majirani zake waongo, ama atasema kila asemacho mtu mnyofu ni kweli.

Je, mashahidi wakipingana?

Mwanafalsafa wa Uskoti, David Hume, aliandika mwaka 1748 kwamba miujiza ya dini zinazopingana huangushana, kama mashahidi barazani wanaokanushana. Hoja hiyo ina nguvu, nasi tusiipuuze. Lakini tuupeleke mfano wake kwenye baraza lenyewe. Mbuzi amepotea. Mashahidi watano waitwa, na kila mmoja asema lake. Je, mzee wa baraza atasema, "Kwa kuwa mnapingana, hakuna mbuzi aliyepotea"? La. Atapima: nani alikuwa karibu? Nani aliona kwa macho, nani alisikia kwa mwingine? Nani anapata faida? Nani maneno yake yanajigonga? Kupingana kwa mashahidi huongeza kazi ya hakimu. Hakumpi ruhusa ya kwenda kulala.

Wapo wengine wanaochoka mapema na kusema, "Dini zote ni sawa, Mungu ni mmoja." Msemo huo hutoka mara nyingi katika moyo mwema, maana wasemaji wanataka amani. Mungu kweli ni mmoja. Na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la tarehe 28 Oktoba 1965 juu ya dini zisizo za Kikristu, ulifundisha kwamba Kanisa halikatai lo lote lililo la kweli na takatifu katika dini hizo. Lakini kusema zote ni sawa ni kutomsikiliza hata mmoja. Mkristu asema Yesu alikufa msalabani. Mwislamu, kwa mafundisho yake ya kawaida, asema Isa hakusulibiwa. Ukiwaambia wote wawili kwamba wanasema neno lile lile, hujawapatanisha, umewanyamazisha.

Neno tindiga kwa Kiswahili ni kinamasi. Mtu anayetaka kuvuka kinamasi huona njia nyingi zilizokanyagwa. Wingi wa njia haumwambii kwamba zote zinafika ng'ambo, wala kwamba hakuna inayofika. Huchukua fimbo, akapima udongo mbele yake.

Fimbo tatu za kupimia

Fimbo ya kwanza ni akili. Mafundisho yanayojipinga yenyewe hayawezi kuwa kweli. Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano ulifundisha mwaka 1870 kwamba akili ya binadamu yaweza kumjua Mungu kwa njia ya viumbe, na kwamba imani na akili haziwezi kupingana kwa kweli, maana zote mbili zatoka kwa Mungu mmoja. Kwa hiyo Mkatoliki anayeogopa kufikiri anakwenda kinyume cha mafundisho ya Kanisa lake mwenyewe. Hata hivyo fimbo hii haitoshi peke yake. Mafundisho yaweza kukubaliana yenyewe kwa yenyewe, na bado yakawa si kweli.

Fimbo ya pili ni mambo yaliyotukia. Dini nyingine husema maneno yanayogusa ulimwengu huu, na maneno hayo yaweza kupimwa. Mwaka 1905 Kinjikitile wa Ngarambe alifundisha kwamba maji ya dawa yatawalinda watu na risasi za Wadachi. Vita vya Majimaji vilienea kusini kote, vikafika hata Uvidunda katika milima ya Kilosa. Dai la kupigana na dhuluma lilikuwa la haki, na wazee wale hawafai kuchekwa. Lakini neno juu ya risasi lilipimwa, likaonekana si kweli, na waliolipa ni maelfu ya watu. Kumbe imani isiyopimwa yaweza kugharimu maisha ya wengine.

Haki yataka tupime na ya kwetu kwa fimbo ile ile. Ukristu umesimama juu ya tukio, wala si juu ya mawaidha tu. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorinto kwamba kama Kristu hakufufuka, imani yetu ni bure. Hapo ameonyesha mwenyewe mahali ambapo nguzo ikikatwa, nyumba huanguka. Basi ushahidi ni upi? Juu ya kusulibiwa kwa Yesu, wako Wakristu wa kwanza, na yuko pia Tacitus, Mrumi asiyewapenda Wakristu, aliyeandika mnamo mwaka 116 kwamba Kristu aliuawa chini ya Ponsio Pilato. Juu ya ufufuko, Tacitus hasemi kitu. Twategemea ushuhuda wa Mitume, ambao Paulo aliuandika katika barua hiyo kabla miaka 30 haijapita tangu mambo yatukie.

Msomaji makini atatuuliza, "Je, hamkusema kwamba kifo cha shahidi hakithibitishi mafundisho?" Tumesema, wala hatulifuti neno letu. Lakini tofauti ipo. Vijana wa Namugongo walikufa kwa ajili ya mambo waliyofundishwa na wengine. Mitume waliteswa kwa ajili ya jambo walilosema wameliona wenyewe. Kwa mtu wa namna hiyo, unyofu wake wenyewe ni ushahidi juu ya tukio. Si ushahidi wa kumfunga mtu kamba, maana hata shahidi mnyofu aweza kukosea. Lakini una uzito, na mpimaji hana budi kuuweka katika mizani.

Mwislamu atajibu kwamba Mungu ajua kuliko mashahidi wa macho, na kwamba Kurani ni neno la Mungu. Basi ikisema Isa hakusulibiwa, neno la wanadamu lianguke. Jibu hilo si la kipumbavu. Lakini linalihamisha swali, nalo lakuwa: ni sababu gani zinatufanya tukipokee kitabu hiki au kile kama neno la Mungu? Hapo ndipo majirani wawili waungwana wanaweza kuongea usiku kucha bila kutukanana.

Fimbo ya tatu ni matunda. Itumieni kwa uangalifu, maana kila dini ina watakatifu wake na wakorofi wake. Na sisi Wakatoliki tusisahau: katika Buganda ile ile iliyotoa mashahidi, miaka sita tu baada ya Namugongo, tarehe 24 Januari 1892, Wakatoliki na Waprotestanti walipigana kwa bunduki huko Mengo. Kwa hiyo tusipime kwa kumlinganisha mtu wetu mwema na mtu wao mbaya. Tuulize, mafundisho yenyewe yamdai nini mtu anayeyafuata kikamilifu, na yakifuatwa humfanya awe mtu wa namna gani?

Haki ya kuamini na uwezo wa kumshinda jirani

Sasa twafika penye kiini. Watu huchanganya mambo mawili. La kwanza: je, mwamini anayo haki ya kuamini, yaani aamini kwa sababu njema na pasipo uvivu wa akili? La pili: je, aweza kutoa hoja ambayo kila jirani mwenye akili atalazimika kuikubali? La kwanza laweza kuwapo bila la pili.

Wazee wawili wa baraza waweza kusikiliza kesi moja, kwa nia safi, na kutoa maamuzi mawili. Wote wawili hawawezi kuwa sahihi. Lakini hakuna aliye mwongo, wala hakuna aliyefanya kazi yake ovyo. Ndivyo Mkatoliki aweza kushika kwa moyo wote kwamba imani yake ni ya kweli, na kwamba panapopingana nayo jirani yake amekosea, huku akikiri kwamba jirani huyo anafikiri vema kwa yale aliyoyapata.

Kardinali John Henry Newman, katika kitabu chake cha mwaka 1870 juu ya jinsi mtu anavyokubali jambo, alionyesha kwamba katika mambo makubwa ya maisha hatupati uhakika kwa hoja moja kama hesabu, bali kwa dalili nyingi zinazokusanyika. Kamba hufumwa kwa nyuzi. Uzi mmoja hauvuti ng'ombe, nyingi zikisokotwa humvuta. Hivyo ndivyo alivyo bibi yule wa kijijini asiyejua kusoma. Ameuona ulimwengu, ameisikia Injili, ameomba miaka 50, amewaona waliobadilika na wasiobadilika. Hawezi kubishana na Hume. Lakini hakosi sababu, maadamu hazibi masikio yake. Na Kanisa lafundisha kwamba juu ya sababu hizo zote imani yenyewe ni zawadi ya Mungu. Sababu hufungua mlango. Hazimburuti mtu kuingia. Kwa ajili hiyo Mtaguso wa Pili wa Vatikano, tarehe 7 Desemba 1965, ulitamka kwamba asilazimishwe mtu katika dini, maana ukweli haushiki moyo ila kwa nguvu zake wenyewe.

Yanayotupasa nyumbani

Basi, wazazi, mtoto akiuliza swali hili, msimpige wala msimcheke. Mwambieni kwamba ameuliza swali la watu wazima. Mkijua jibu, mpeni. Msipolijua, semeni, "Tutalitafuta pamoja," kisha mwende kwa katekista au padre.

Pili, dini ya jirani ijifunzeni kwa kinywa cha jirani. Anayeujua Uislamu kwa maneno ya maadui wake hajaujua, kama vile nasi hatupendi Misa yetu ielezwe na mtu anayeidharau. Katika miaka ya 1980 na 1990 miji yetu mingi iliona mihadhara ya wazi, ambapo Waislamu na Wakristu walishindana kwa aya za vitabu, na mkutano ukapiga makofi au kuzomea. Makofi hayapimi ukweli. Mshindi wa mhadhara ni mwenye ulimi mwepesi, na huenda mwenye kweli ni yule aliyenyamaza.

Tatu, ombeni na kutenda. Mtu aliyeshawishika na Kristu hujulikana kwa jinsi anavyomtendea mfugaji ambaye ng'ombe wake wameingia shambani, au mkulima aliyeliziba pito la mifugo. Jirani haoni hoja zetu zilizo vichwani. Huona mizani tunayouzia mchele.

Yusufu wa Misa na Yusufu wa msikitini hawatakubaliana leo. Lakini kila mmoja aweza kumwambia mwenzake sababu zake bila kuona haya, na kuzisikia za mwenzake bila hofu. Imani inayoogopa kuulizwa haijapimwa bado. Nayo iliyopimwa haina sababu ya kupiga kelele.